Mguu Usiguse Chini

Leseni ya Ngadiran ilikwisha siku ya Jumanne, na Jumatano asubuhi alikuwa wa kwanza dirishani, amechana nywele kwa maji, amevaa shati la batiki alilolishonesha kwa harusi ya binti yake Yanti. Askari wa kike aliyekaa nyuma ya dirisha, kijana mwembamba mwenye jina RATRI kifuani, aliigeuza ile kadi mbele na nyuma, akamrudishia.

"Mzee, hii imekwisha."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Imekwisha jana. Ikishapita hata siku moja hatuongezi muda. Unaanza upya, kama mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Mtihani wa kuandika, halafu wa uwanjani."

"Kwa siku moja tu?"

"Siku moja, mzee."

"Mwanangu, mimi naendesha pikipiki tangu mama yako hajaolewa. Mwaka wa thelathini na moja huu."

"Basi mtihani utakuwa mwepesi kwako," alisema Ratri, na hakusema kwa kejeli hata chembe. Hilo ndilo lililomuudhi Ngadiran zaidi.

Jambo ambalo hakulisema pale dirishani ni kwamba Jumanne yenyewe alikuwa amekuja. Alichukua namba, akapewa arobaini na tatu, akakaa kwenye benchi kwa muda wa kuvuta sigara moja. Walipoita namba tisa alisimama, akawatangazia watu wote kwamba hapa si ofisi bali ni mahali pa kuzeekea, akaondoka huku akipiga honi tangu kwenye maegesho mpaka barabarani. Methali zote za haraka na baraka alikwisha ambiwa maishani mwake, ila alizisikiliza kwa haraka.

Akalipa rupia laki moja za mtihani. Wa kuandika alifaulu vizuri kuliko vijana waliotoka shule juzi. Palikuwa na swali lililouliza, ukikuta kundi la wanyama linavuka barabara ufanye nini, naye akatia alama penye "simama, subiri mpaka wapite wote." Jibu sahihi. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kulifanya.

Uwanjani ndiko kulikokuwa na kazi. Miaka ile mtihani ulikuwa bado na ile nambari nane: mstari mweupe uliochorwa chini, mviringo juu na mviringo chini, na vikoni vya rangi ya machungwa pembeni. Unaizunguka bila kugusa koni, na bila mguu kugusa chini. Ngadiran aliingia kama anavyoingia barabara kuu. Mviringo wa kwanza ulimfika kabla hajaujua, akakata kona, pikipiki ikalala, na mguu wa kushoto ukashuka.

"Umeshusha mguu," Ratri alisema.

"Sikuushusha. Umeteremka wenyewe."

"Rudi baada ya wiki moja, mzee."

"Koni zenu zimekaribiana mno. Barabarani nani anaendesha hivi?"

Ratri aliandika kitu kwenye karatasi yake. "Karibu wiki ijayo," akasema.

* * *

Jioni ile Bi Mkunga Widiastuti alifika nyumbani kwao na barua mkononi. Ngadiran alikuwa amembeba mama huyu kwenye pikipiki yake kwa miaka kumi na mitano, kumzungusha vijiji saba vya mlimani kupima wajawazito na kuzalisha. Mshahara wenyewe haukuwa wa kujengea ghorofa, lakini haukukosa kufika hata mwezi mmoja, na mtaani ulikuja na heshima. Watu walimwita Pak Ngadiran, yaani Bwana Ngadiran, wa Bi Mkunga, naye akilisikia jina hilo alinyoosha mgongo.

"Wilayani wametuandikia," Bi Mkunga alisema. "Kila anayembeba mkunga awe na leseni hai. Nakala iwe kwenye faili kabla mwezi haujaisha. Asiyekuwa nayo, nitafute mwingine."

"Wiki ijayo ninayo, Bi Mkunga. Usijisumbue."

"Na mpaka wiki ijayo nani atanibeba? Kesho kutwa nina akina mama watano kule Watugede."

Ngadiran akakuna kichwa. Mkewe Lasiyem alikuwa kisimani nyuma ya jiko akiosha chupa zake. Lasiyem huuza jamu, yale maji ya manjano, ukwaju na mizizi ambayo mtu hunywa asubuhi ili mwili usimwambie kitu siku nzima. Huzibeba chupa kumi na mbili za kioo kwenye kasha la mbao nyuma ya pikipiki yake kuukuu na kupita uchochoro kwa uchochoro.

"Mimi ninayo leseni," alisema bila kugeuka.

Nayo aliipata vipi? Aliihuisha mwezi mmoja kabla haijaisha. Alikwenda na mfuko wa karanga, akakaa foleni tangu asubuhi hadi adhuhuri akimenya, akarudi na leseni mpya na bakuli zima la karanga za kutwanga.

Ngadiran alicheka hadi akashika mbavu. Na kusema kweli hata sisi majirani tungecheka, maana uendeshaji wa Lasiyem ulijulikana. Akipita mbele ya nyumba yako unaweza kumwita, ukaingia ndani kutafuta sarafu, ukagombana na mumeo kuhusu hizo sarafu, ukatoka, na bado yuko mbele ya mlango wako.

"Mama Yanti, huko ni mlimani," alisema Ngadiran akijifuta machozi. "Mtafika mtoto ameshaanza shule."

"Tutafika," alisema Lasiyem.

Bi Mkunga alimtazama Lasiyem, akatazama barua, akasema haya, kesho kutwa saa moja asubuhi.

Walirudi siku ile saa nane mchana. Ngadiran alikuwa amekaa barazani tangu saa nne, akiwa na maneno yake tayari ya kuwapokea wachelewaji. Yeye mwenyewe alikuwa akirudi kutoka Watugede saa nane kasoro dakika kumi. Alihesabu, akahesabu tena, akakasirika.

"Mmepita wapi?"

"Barabara ile ile," alisema Lasiyem.

"Hamkupata lori njiani?"

"Tulipata matatu. Tukawapisha."

Hapo ndipo Ngadiran alipokumbuka kwamba yeye, kila safari, alikuwa akisimama walau mara mbili kumfundisha adabu dereva wa lori, na mara moja kumweleza mwenye kuku thamani ya kuku wake.

"Bi Mkunga anasema mdogo wake kule Solo ameachika tena," Lasiyem aliendelea, akipanga viatu. "Halafu anataka kukata ule mti wa mbele maana majani yanaziba mfereji. Na kumbe hapendi soya ya tempe iliyokaangwa sana."

"Amekwambia yote hayo wakati gani?"

"Njiani."

"Bi Mkunga hazungumzi njiani," alisema Ngadiran. "Miaka kumi na mitano nimembeba, neno hasemi. Ni mtu mkimya sana. Ametulia, ameniamini."

Lasiyem akaenda kuangalia wali.

* * *

Kwa kuwa alikuwa na wiki moja, Ngadiran aliamua kufanya mazoezi, ingawa hakuyaita hivyo. Aliyaita "kuwaonyesha." Penye kibanda cha walinzi wa mtaa pana uwanja wa saruji wa mpira wa vinyoya, nasi tukamruhusu autumie jioni kabla ya wachezaji kufika. Balozi wetu wa mtaa, Pak Kasturi, alichora nambari nane kwa chokaa. Koni hatukuwa nazo, kwa hiyo kila mtu alivua kandambili zake, tukazipanga kuzunguka mstari, tukakaa pembeni pekupeku kutazama.

Mkaa mtaani hana siri. Kulikuwa na mama muuza tempe na sinia lake, wazee wa kibandani na chai yao, na ushauri usiokuwa na mwisho.

"Legeza mabega, Pak Ngadiran."

"Usilegeze sana."

"Shusha kiti."

"Kiti kinashushwaje wewe?"

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema mzee mmoja kwa huzuni. "Huyu amekwisha kauka."

Ngadiran alikanyaga kandambili ya mama wa tempe, kisha ya mzee, kisha zote mbili za balozi kwa mzunguko mmoja. Ya kushoto ilikatika kamba. Pak Kasturi aliiokota, akaitazama dhidi ya mwanga kama mtu anayetazama noti ya bandia.

"Za mwezi uliopita hizi," alisema.

"Nitakulipa."

"Sisemi kulipa. Nasema za mwezi uliopita."

Kadiri watu walivyosema ndivyo alivyovuta mafuta, na kadiri alivyovuta mafuta ndivyo nambari nane ilivyozidi kuwa ndogo. Mwishowe aliizima pikipiki, akatuambia sote kwamba mtu anayejua kuendesha hahitaji kuzungukazunguka kama ng'ombe anayezungusha kinu cha mafuta, akaisukuma mpaka kwake. Tulivaa kandambili zetu, zile zilizosalia.

Mtihani wa pili alikwenda na laki nyingine. Safari hii alianza vizuri. Alipita vikoni vyote vya kupindapinda, akaingia nambari nane, akamaliza mviringo wa juu mguu ukiwa juu. Nyuma yake, kwenye foleni ya watahiniwa, mtu akacheka. Hakumcheka yeye. Msichana mmoja alikuwa ameonyeshwa picha yake ya leseni, na ilikuwa mbaya. Lakini Ngadiran hakujua hilo, aligeuza kichwa chote kumtafuta mwenye kicheko ili amjibu, na pikipiki ikafuata macho. Ilimpeleka juu ya koni mbili, ikammwaga kwenye majani mbele ya viatu vya Ratri.

Ratri alimsaidia kusimama. Alimpangusa majani mgongoni kama anavyopanguswa mtoto, mbele ya watu thelathini.

"Umeumia, mzee?"

"Sijaumia."

"Nikwambie kitu? Mikono yako inajua. Ulichokosa si mikono." Akamkabidhi karatasi. "Karibu wiki ijayo."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili mwezi kuisha.

* * *

Nyumbani mambo yaliharibika pole pole. Kwa kuwa Lasiyem alikuwa mlimani na Bi Mkunga, jamu haikuwa na mwuzaji, na wateja wa miaka ishirini hawakukubali. Ngadiran akasema atauza yeye, kazi gani hiyo. Siku ya kwanza alivunja chupa tatu kwenye tuta, akalazimika kununua nyingine. Siku ya pili alimpa mwuza nyama jamu ya mwanamke aliyejifungua, ile ya kuleta maziwa, na mtaa mzima ukamuuliza mwuza nyama hali kwa wiki nzima. Siku ya tatu mteja mmoja wa kike, mtu mzima kabisa, alimwambia ana kwa ana kwamba jamu yake inafika imechafuka kama maji ya mtoni.

"Mkeo huileta imetulia," alisema. "Wewe unaileta imekasirika."

Jioni yake alimkuta Bi Mkunga barazani akinywa chai na Lasiyem. Waliacha kuzungumza alipoingia, na hapo tu akajua wanamzungumzia.

"Pak Ngadiran," Bi Mkunga alisema, akiweka kikombe chini taratibu. "Miaka kumi na mitano si mchezo, nami sisahau mvua tulizonyeshewa wote. Lakini nikwambie kweli. Nimeshamwomba Mama Yanti abaki nami moja kwa moja. Hajakubali bado."

Ngadiran alisema tu ndiyo, Bi Mkunga, akapita ndani, akakaa kitandani na kofia yake ngumu mapajani. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile isiyopata mtu wa kumlaumu. Alijaribu kumlaumu Ratri, akajaribu koni, akajaribu aliyecheka, na wote wakamteleza.

Asubuhi ya Ijumaa aliamshwa na mlio wa pikipiki uliokuwa ukizunguka, haukaribii wala haupotei. Kulikuwa kumepambazuka kidogo. Kitanda upande wa Lasiyem kilikuwa kitupu. Akatoka na saruni yake mpaka penye kibanda cha walinzi, akasimama.

Lasiyem alikuwa uwanjani na kasha lake nyuma, chupa zote kumi na mbili zimejaa. Alikuwa akiifuata ile nambari nane ya chokaa, iliyokwisha kufifia, kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani. Chupa hazikugongana. Aligeuka juu, akageuka chini, akageuka juu, macho yakiwa mbali kule anakokwenda. Alipomwona mumewe alimaliza mzunguko kwanza, ndipo akasimama.

"Unafanya nini?" aliuliza Ngadiran.

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Wewe huna mtihani."

"Kila Ijumaa nafanya. Kabla sijatoka, mizunguko kumi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuuza. Wewe huwa umelala."

Ngadiran alihesabu Ijumaa za miaka ishirini, akaziacha njiani. "Lakini kuendesha unajua. Mtu anajifunza kitu anachokijua?"

"Wewe kuswali ulijua tangu una miaka saba," alisema Lasiyem. "Mbona jana uliswali tena?"

Kisha Lasiyem, akiwa bado juu ya pikipiki yake, alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Baba Yanti, mimi kila ukitoka huwa nasikiliza. Nakoroga jamu huku nasikiliza. Nikisikia gari la wagonjwa naacha kukoroga. Mpaka nisikie mlio wako penye daraja ndipo naendelea. Miaka ishirini jamu yangu inaungua kwa ajili yako."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia lini? Ulikuwa na haraka."

Ngadiran alitazama chini, pale chokaa ilipofifia. "Nifundishe," alisema. Neno lilimtoka kwa shida kama mwiba.

* * *

Lasiyem alikuwa mwalimu mbaya wa maneno na mzuri wa adhabu. Alilifunga lile kasha kwenye pikipiki ya mumewe, chupa kumi na moja za jamu ya kawaida na moja ya ile chungu. Wanaoijua ile chungu hawahitaji kuelezwa. Shubiri ikiionja inaomba radhi.

"Sharti ni hili," alisema. "Mguu ukigusa chini, glasi moja. Chupa zikigongana, nusu glasi."

"Na nikitukana?"

"Glasi mbili."

Siku ya kwanza alikunywa glasi saba. "Vuta mafuta kidogo, uyashike hapo hapo," Lasiyem alisema. "Usivute na kuachia. Ukitaka kupunguza, breki ya nyuma, kidogo, kama unamgusa mtoto aliyelala. Na acha kuangalia tairi. Tairi halina habari ya njia. Angalia unakokwenda."

Watu wakaja tena na kandambili zao. Pak Kasturi alizileta zile zile, ya kushoto ikiwa imeungwa kwa waya. Ushauri ukaanza. Mzee wa samaki mkavu alisema lake. Ngadiran alifungua mdomo kumjibu, akaliona jicho la Lasiyem na glasi mkononi mwake, akaufunga. Alikwenda hivyo hivyo, mdomo umefungwa, na kwa mara ya kwanza akapita kandambili za balozi bila kuzigusa.

Siku ya pili glasi nne. Siku ya tatu mbili, zote za matusi, maana paka alikatiza. Uso wake ulikuwa wa kijani, lakini alikula kama mkulima na mgongo uliomuuma tangu mwaka juzi ukanyamaza. Siku ya nne alikunywa nusu glasi. Siku ya tano alizunguka mizunguko kumi, akashuka, akaona ile chupa chungu imejaa hadi shingoni. Hatukupiga makofi. Tulivaa kandambili zetu kimya, kwa heshima.

Siku ya mtihani alipewa namba hamsini na mbili. Alikuwa na mfuko wa karanga. Ratri alipotoka saa sita kuwaita wa uwanjani alimkuta amejaza bakuli, na jirani yake wa benchi, mvulana aliyekuwa akitetemeka, amefundishwa kuangalia mbali na kuacha tairi.

"Laki ya tatu hii, mzee," alisema Ratri.

"Ya mwisho, inshallah. Nikianguka mke wangu ananinywesha."

Aliingia nambari nane polepole kiasi kwamba askari wa pili aliyekuwa akitazama alienda kuchukua chai, akarudi, akamkuta kwenye mviringo wa chini. Mtu akacheka kule nyuma, naye hakugeuka. Pikipiki ikayafuata macho yake. Alimaliza, akaizunguka tena, akaanza ya tatu.

"Mzee," Ratri aliita. "Umefaulu. Ulitakiwa kuzunguka mara moja."

"Najua," alisema Ngadiran, akiendelea. "Hii ni yangu."

* * *

Alipeleka nakala kwa Bi Mkunga siku mbili kabla ya mwezi kuisha. Bi Mkunga aliisoma, akampongeza, akaiweka kwenye faili. Kisha akaifunga faili taratibu, na Ngadiran akajua kuna neno limebaki.

"Bi Mkunga," alisema, "ukitaka kubaki na Mama Yanti, ni haki yako. Sina neno."

"Mama Yanti amekataa," alisema Bi Mkunga. "Anasema wateja wake wanakufa kwa maji machafu. Ameniomba nikupe safari moja. Moja, Pak Ngadiran. Baada ya hapo nitaamua."

Wakaondoka saa moja asubuhi kwenda Watugede. Lasiyem alisimama mlangoni na mwiko wa kukorogea mkononi. Ngadiran alivaa kofia yake, akaifunga kamba, akageuka kuhakikisha ya Bi Mkunga nayo imefungwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Bi Mkunga akashangaa hata akasahau kushika chuma cha nyuma.

Walipita daraja. Walipanda kilima cha kwanza. Bi Mkunga hakusema kitu. Lori la mchanga liliwajia nyuma na honi kama ya mwisho wa dunia, na Ngadiran alisikia damu ile ya zamani ikimpanda shingoni. Akameza mate. Yalikuwa bado na uchungu kidogo. Akasogea pembeni, lori likapita. Bi Mkunga hakusema kitu.

Kabla ya kona ya Watugede walikuta bata. Mchungaji alikuwa akiwavusha kutoka shamba moja la mpunga kwenda jingine, kundi la mia mbili au zaidi, nao walitembea kama watu wanaotoka kwenye mkutano usiokuwa na maana. Ngadiran alisimama, akaweka mguu chini, maana sasa ulikuwa na ruhusa, akasubiri. Walipita nusu. Walipita robo tatu. Walipita wote, isipokuwa mmoja aliyefika katikati ya barabara, akafikiri, akarudi alikotoka. Mchungaji akamfuata. Ngadiran aliizima pikipiki kabisa ili asimtishe.

"Chukua muda wako, kaka," alimwambia mchungaji.

Bata yule alivuka. Ngadiran akawasha, akaingia kwenye kona taratibu, macho mbali. Hapo ndipo aliposikia sauti nyuma yake, sauti ya mama mtu mzima anayezungumza bila wasiwasi wowote.

"Pak Ngadiran, ule msikiti wenye kuba la bluu pale bondeni, wamejenga lini?"

Ngadiran alifikiri. "Mwaka wa tisa huu, Bi Mkunga. Tunaupita kila wiki."

"Mzuri kweli," alisema Bi Mkunga. "Sikuwahi kuuona."

Walikwenda kidogo. Maneno yale yalimfikia Ngadiran polepole, moja moja, kama bata. Miaka kumi na mitano nyuma yake, macho yamefumbwa. Angetaka kusimamisha pikipiki aombe radhi kwa kila kona ya mlima ule. Lakini kona nyingine ilikuwa inakuja, naye aliitazama hiyo.

"Na ile nyumba yenye njiwa?" aliuliza Bi Mkunga. "Ya nani ile?"

"Ya mwalimu mkuu mstaafu," alisema Ngadiran, akashika breki ya nyuma, kidogo. "Subiri, tukipita hapa mbele nitakuonyesha na mto."